Uzito wa Kura ya Rwamgasa: Usawa wa Wapiga Kura Katika Uchaguzi wa Rais

Katika uchaguzi wa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, nchi nzima huhesabiwa kuwa jimbo moja, kwa hiyo kura ya mchimbaji mdogo wa dhahabu wa kata ya Rwamgasa, wilayani Geita, hujumlishwa moja kwa moja na ya mvuvi wa Mkoani kisiwani Pemba na ya karani wa Kinondoni, bila kupitishwa kwanza katika mizani ya mkoa au ya wilaya. Kura huhesabiwa kituoni, msimamizi wa uchaguzi huzijumlisha katika ngazi ya jimbo, kisha Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi huunganisha matokeo ya majimbo yote na kumtangaza mshindi. Katika hesabu hiyo hakuna kura inayozidi nyingine, na kwa upande huo wa kujumlisha Tanzania imekwishafika mahali ambapo mataifa mengine yangali yanapagombania.

Marekani ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Huko Rais huchaguliwa na wajumbe maalumu 538 waliogawanywa kwa majimbo, na katika majimbo 48 kati ya 50 mgombea anayeongoza, hata kwa tofauti ya kura chache, huchukua wajumbe wote wa jimbo husika, na kura za wenzake zikakosa kazi ya kufanya. Kwa kuwa hakuna jimbo linaloweza kuwa na wajumbe pungufu ya 3, hata likiwa na watu wachache namna gani, mjumbe mmoja wa Wyoming husimamia watu wasiofika 200,000, ilhali mjumbe mmoja wa California husimamia zaidi ya 700,000. Kutokana na utaratibu huo, Al Gore mwaka 2000 na Hillary Clinton mwaka 2016 walipata kura nyingi zaidi za wananchi kuliko washindani wao na bado wakashindwa. Clinton alimzidi mshindi kwa kura zaidi ya milioni 2.8. Juhudi kubwa ya kurekebisha hali hiyo ni mkataba baina ya majimbo, ulioanzia Maryland mwaka 2007, ambao unayataka majimbo yaliyouridhia yampe wajumbe wao mgombea aliyeongoza kwa kura za nchi nzima, na ambao utaanza kutumika pale majimbo hayo yatakapofikisha jumla ya wajumbe 270.

Kile kinachodaiwa na Wamarekani kwa mkataba huo, Watanganyika walikuwa nacho tangu uchaguzi wao wa kwanza wa Rais, uliofanyika tarehe 1 Novemba 1962, ambapo Julius Nyerere wa TANU alishindana na Zuberi Mtemvu wa African National Congress na kupata zaidi ya asilimia 98 ya kura. Lakini historia iliyofuata inaonyesha kwa nini usahihi wa kujumlisha hautoshi. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1990, chini ya mfumo wa chama kimoja, mpiga kura alipewa jina moja tu la mgombea wa urais na kutakiwa kuchagua kati ya Ndiyo na Hapana. Kura zilikuwa sawa kihesabu, kila moja ikihesabiwa mara moja, ila mwenye kura hakuwa na mtu mwingine wa kumpa. Usawa wa kura, kwa hiyo, huanza kabla ya siku ya kupiga kura, kwa kuangalia nani ameandikishwa, ameandikishwa wapi, na majina gani yamo kwenye karatasi. Na huendelea baada ya kuhesabu, kwa kuangalia ni kiasi gani cha kura kinampa mtu haki ya kuitawala nchi na nani anaweza kuulizwa iwapo hesabu ina walakini. Katika hatua hizo za mwanzo na za mwisho ndimo mapungufu ya Tanzania yalimo, na ndimo mageuzi yanamohitajika.

Kabla ya kuingia huko, ni vema kuutenganisha uchaguzi wa Rais na ule wa wabunge, kwa sababu mijadala mingi huzichanganya chaguzi hizo mbili. Katika Bunge, uzito wa kura hautoshani hata kidogo. Mwezi Mei 2025 Tume ilitangaza majimbo mapya 8, yakiwemo Katoro, lililomegwa kutoka Busanda, na Chato Kusini, na hivyo kuufanya Mkoa wa Geita, wenye watu 2,977,608 kwa sensa ya mwaka 2022, uwe na majimbo 9. Zanzibar, yenye watu 1,889,773 kwa sensa hiyohiyo, ina majimbo 50. Tofauti hiyo ina maelezo yake ya kihistoria, kwani Zanzibar iliingia katika Muungano wa mwaka 1964 ikiwa nchi, wala si mkoa, na Katiba inailinda idadi ya wabunge wake kwa kudai theluthi mbili za wabunge wa kila upande ndipo ibadilishwe. Mtu anaweza kuukubali au kuukataa msingi huo, lakini jambo la kushika ni kwamba urais haukujengwa juu yake: kugawanywa kwa Busanda kumeongeza mbunge, hakukuongeza wala kupunguza chochote katika uzito wa kura ya Rais inayopigwa Rwamgasa.

Na urais ndio unaoigusa Rwamgasa kwa karibu zaidi. Eneo hilo, ambalo jina lake huandikwa pia Lwamgasa, liko katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Geita na kushuka hadi Kahama mkoani Shinyanga, na watu wake wengi huishi kwa maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, kwa makarasha ya kusaga mawe, na kwa mialo ambako udongo wa dhahabu huoshwa na kuchenjuliwa. Mambo yanayoamua kipato chao, kuanzia ugawaji wa leseni hadi kodi na mahali pa kuuzia, hutokana na sera za serikali kuu. Mwezi Januari 2019 Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato katika mkoa huohuo, alikutana na wachimbaji wadogo jijini Dar es Salaam, na muda mfupi baadaye kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 zikaondolewa kwa dhahabu ya wachimbaji hao. Mwezi Machi mwaka huo soko la dhahabu likafunguliwa Geita, la kwanza la aina yake nchini. Mabadiliko hayo yaliingia moja kwa moja mifukoni mwa watu wa maduara. Ofisi yenye nguvu ya kiasi hicho juu ya riziki ya mtu inapaswa kuwa karibu na kura yake kwa kiasi hichohicho.

Kikwazo cha kwanza kwa mchimbaji ni kwamba yeye husafiri na kura yake haisafiri. Kazi ya dhahabu hufuata habari. Ikisikika kwamba mahali fulani pametema, watu kwa mamia na hata maelfu huhama kwa siku chache kwenda kwenye rashi, kama wanavyoita wenyewe mbio hizo, na anayeishi Rwamgasa mwezi wa pili anaweza kuwa Nyarugusu au Mgusu mwezi wa tano, Kakola mwezi wa nane, na Chunya mkoani Mbeya ifikapo Oktoba. Pamoja naye huhama mama lishe, fundi wa karasha, mwendesha bodaboda, mwenye duka la vifaa na mwenye nyumba ya kulala wageni. Haya si maisha ya watu wachache waliopotoka njia. Ndiyo hali ya kawaida ya uchumi wa eneo zima, na mfugaji wa Kisukuma anayehamisha ng'ombe kutoka Shinyanga kwenda kusini, pamoja na kibarua wa msimu wa pamba, wako katika hali hiyohiyo.

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, yaani orodha rasmi ya wenye haki ya kupiga kura, limejengwa kwa kumfikiria mtu mwenye makazi ya kudumu. Jina la mpiga kura hufungwa kwenye kituo kimoja, na siku ya uchaguzi hutakiwa kufika kituo hicho na si kingine. Sheria inaitaka Tume iliboreshe Daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, na katika uboreshaji ulioanza Kigoma mwezi Julai 2024, ambao ulifika Geita mwezi Agosti, kila eneo lilipewa takriban wiki moja ya kuandikisha wapya, kurekebisha taarifa na kuhamisha waliobadili makazi. Uliwekwa pia utaratibu wa kuanza maombi kwa njia ya mtandao, ingawa mwombaji alipaswa kufika kituoni ili kuyakamilisha. Kwa mwalimu aliyehamishwa kutoka Maswa kwenda Geita mjini, utaratibu huo unatosha. Kwa mchimbaji anayebadili makazi mara tatu au nne katika mwaka, hauwezi kutosha hata ukiboreshwa kila mwaka, kwa sababu kasoro haiko katika idadi ya siku za kuandikisha. Kasoro iko katika dhana kwamba ili kumchagua Rais ni lazima kwanza mtu athibitishe kuwa ni mkazi wa kata fulani.

Dhana hiyo ina maana katika uchaguzi wa diwani, kwa sababu diwani ni wa kata. Ina maana vilevile katika uchaguzi wa mbunge, kwa sababu mbunge ni wa jimbo. Katika uchaguzi wa Rais haina msingi. Karatasi ya kura ya Rais ni ileile Rwamgasa, Chunya na Chake Chake, majina ni yaleyale, na jumla inayotafutwa ni moja. Kanuni za uchaguzi zenyewe zimekwishaikubali hoja hii kwa baadhi ya watu, kwani watendaji wa vituo, mawakala wa vyama na askari wanaolinda vituo wamekuwa wakiruhusiwa, kwa masharti maalumu, kupigia kura mahali wanapofanyia kazi, na aliye nje ya jimbo lake hupewa karatasi ya Rais peke yake. Kinachotakiwa ni kuipanua ruhusa hiyo imfikie kila mwenye kadi, na jambo hilo linawezekana kwa sababu tangu mwaka 2015 uandikishaji hufanywa kwa alama za vidole na picha, taarifa ambazo zinaweza kuhakikiwa siku ya kupiga kura kwa mashine iliyounganishwa na orodha nzima ya taifa, ili aliyepigia kura Kakola asiweze kurudia Rwamgasa. Gharama yake si ndogo, na katika vijiji visivyo na mtandao wa uhakika italazimu njia mbadala, kwa mfano kumtaka mpiga kura ajulishe mapema, kwa muda wa siku zilizopangwa, kwamba atapigia kura ya Rais mahali pengine. Hata hivyo, mwaka 2025 Daftari lilikuwa na watu zaidi ya milioni 37, na hakuna sababu ya haki inayoweza kumfanya mmoja wao awe raia nusu kwa kuwa riziki yake imemtoa nyumbani.

Watanzania waishio ughaibuni wamekwama katika dhana hiyohiyo, kwa kuwa hawawezi kupiga kura kabisa, wakati Wakenya wameweza kumpigia kura Rais wao wakiwa Dar es Salaam tangu mwaka 2013. Upande wa magereza umepiga hatua: mwaka 2022 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichowanyima kura wafungwa, na katika uboreshaji uliofuata uandikishaji ukafanyika ndani ya magereza. Ni mfano mzuri wa jinsi sehemu moja ya sheria inavyoweza kurekebishwa bila kungoja Katiba mpya.

Suala la pili ni kiasi cha kura kinachomfanya mtu kuwa Rais. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, Katiba ilidai mshindi apate zaidi ya nusu ya kura halali, na asipopatikana, wawili walioongoza warudi kwa wananchi katika duru ya pili. Chini ya kanuni hiyo, mwaka 1995, Benjamin Mkapa wa CCM alipata karibu asilimia 62, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi karibu 28, Ibrahim Lipumba wa CUF zaidi kidogo ya 6, na John Cheyo wa UDP, aliyetokea Bariadi, wilaya iliyokuwa wakati huo katika Mkoa wa Shinyanga, takriban 4. Mwaka 2000 Mabadiliko ya Kumi na Tatu ya Katiba yaliifuta kanuni hiyo, na tangu hapo ibara ya 41(6) inamtangaza kuwa Rais yeyote aliyepata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote, ziwe asilimia 70 au 30.

Kanuni hii haijawahi kujaribiwa, kwa kuwa kila aliyetangazwa mshindi tangu hapo alitangazwa akiwa amevuka nusu; aliyeikaribia zaidi ni Magufuli mwaka 2015, aliyepata asilimia 58.46 dhidi ya 39.97 za Edward Lowassa. Wapo wanaosema kwamba basi hakuna haja ya kuhangaika nayo. Hoja hiyo ni dhaifu, maana sheria ya uchaguzi huandikwa kwa ajili ya siku ngumu, siku ambayo nchi itagawanyika kati ya wagombea watatu wenye nguvu. Wapiga kura 100 wakigawanyika 38, 33 na 29, watu 62 watakuwa wameongozwa na mtu ambaye hawakumtaka, wala hawakuulizwa kama wangemkubali kuliko yule wa pili. Kura zao zitakuwa zimehesabiwa kikamilifu, na zitakuwa hazikuamua kitu.

Jirani wa magharibi amekwishayapitia hayo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliondoa duru ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwezi Januari 2011, na katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa takriban asilimia 38.6, mbele ya Martin Fayulu aliyepewa karibu 35 na Emmanuel Ramazani Shadary karibu 24, kwa hiyo zaidi ya watu 6 katika kila 10 waliopiga kura walikuwa wamempa mwingine. Uchaguzi huo ulikuwa na dhuluma nyingine iliyo nzito zaidi, ambayo haikupata sauti iliyostahili: wananchi wa Beni na Butembo, miji ya wazungumzaji wa Kiswahili huko Kivu Kaskazini, pamoja na wa Yumbi upande wa magharibi, waliahirishiwa kura hadi Machi 2019 kwa sababu zilizotajwa kuwa Ebola na usalama, na Rais akaapishwa mwezi Januari. Zaidi ya wapiga kura milioni moja hawakuhesabiwa kabisa katika kumchagua kiongozi wa nchi yao. Wakazi wa Beni walijipanga foleni siku ya uchaguzi wakapiga kura za kuigiza, ili dunia ione kwamba walikuwa tayari na walikuwa na uwezo.

Kenya ilijifunza mapema. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 huku upinzani ukiwa umegawanyika vipande vitatu, na kumbukumbu hiyo ilichangia kuandikwa kwa Katiba ya mwaka 2010, inayodai nusu ya kura zote na zaidi, pamoja na angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Sharti hilo la pili linastahili kutafakariwa kwa makini kabla ya kuigwa. Nia yake ni njema, yaani kumzuia mtu asitawale kwa kura za kabila au eneo moja, lakini ndani yake mna mbegu ya kile kinacholalamikiwa Marekani, kwa kuwa kaunti ya Lamu yenye watu wachache hupewa uzito sawa na Nairobi yenye mamilioni. Kwa Tanzania, ambayo mgombea wake hulazimika hata sasa kuwa na mgombea mwenza kutoka upande wa pili wa Muungano, sharti la nusu na zaidi linatosha. Malawi nayo ilifika hapo kwa njia ya mahakama: mwezi Februari 2020 majaji walifuta uchaguzi uliompa Peter Mutharika ushindi kwa asilimia 38, wakatafsiri kwamba wingi unaotajwa na Katiba ni zaidi ya nusu, na katika uchaguzi wa marudio Lazarus Chakwera akapita kwa zaidi ya asilimia 58.

Suala la tatu ni nani anayeruhusiwa kusimama. Ibara ya 39 ya Katiba inadai mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho, kwa hiyo raia asiye na chama, hata akiaminiwa na mkoa mzima, hana mlango. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili kwa takriban miaka 20, akashinda mara mbili Mahakama Kuu, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, na hatimaye tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikatamka kwamba kumkataza mgombea binafsi kunavunja haki ya kushiriki katika utawala wa nchi. Mtikila alifariki mwaka 2015 hukumu hiyo ikiwa haijatekelezwa, na hadi uchaguzi wa mwaka 2025 hakuna mgombea binafsi aliyeingia kwenye karatasi.

Uchaguzi huo wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulilionyesha tatizo la karatasi kwa ukali usio na mfano tangu mwaka 1992. CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, hakikuwemo, baada ya Tume kueleza mwezi Aprili kwamba chama hicho hakitashiriki kwa kuwa hakikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa rumande akikabiliwa na shtaka la uhaini. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo, aliyekuwa mbunge wa Kisesa katika Wilaya ya Meatu, ambayo kabla ya mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, aliondolewa, akarudishwa na Mahakama Kuu, kisha akaondolewa tena. Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66 dhidi ya wagombea wa vyama vidogo. Siku hiyo na zilizofuata zilikuwa za maandamano, nguvu kali na kuzimwa kwa intaneti, na watu walipoteza maisha. Waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango ambavyo nchi wanachama zilijiwekea. Vifo hivyo ni msiba wa taifa, na haiwezekani kuzungumzia usawa wa kura bila kuvitaja, kwa kuwa raia anayeona jina analolitaka halimo kwenye karatasi amekwishaambiwa, kabla ya kufika kituoni, kwamba kura yake haina pa kwenda.

Zinazobaki ni hatua za baada ya kuhesabu, na hapa ibara ya 41(7) ina uzito kuliko vifungu vyote vilivyotajwa. Ibara hiyo inasema kwamba Tume ikishamtangaza mtu kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mpiga kura wa Rwamgasa anayeona matokeo ya mbunge wake yamekosewa anaweza kwenda Mahakama Kuu. Anayeona matokeo ya Rais yamekosewa katika kituo hichohicho, kwa kalamu hiyohiyo na siku hiyohiyo, hana pa kwenda. Wakili Jebra Kambole aliipeleka ibara hiyo katika Mahakama ya Afrika, na tarehe 15 Julai 2020 Mahakama ikaamua kwamba inakiuka Mkataba wa Afrika, hasa haki ya mtu kusikilizwa, na kuitaka Tanzania ichukue hatua za kikatiba kuirekebisha. Serikali ilikuwa imekwishaondoa, mwezi Novemba 2019, tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri mapya huko, ingawa kuondolewa kwa tamko hilo hakukufuta wajibu wa kutekeleza hukumu za mashauri yaliyokwisha kufunguliwa.

Wenye kuitetea ibara hiyo husema nchi haiwezi kuachwa bila Rais huku mawakili wakibishana. Uzoefu wa jirani unajibu. Katiba ya Kenya inampa mlalamikaji siku 7 za kufungua shauri na Mahakama ya Juu siku 14 za kuamua, na tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilifuta uchaguzi wa Rais kwa mara ya kwanza barani Afrika, nchi ikiendelea kuwa na serikali. Mwaka 2022 tume ya Kenya ilikwenda mbali zaidi kwa kuweka fomu za matokeo ya Rais za vituo vyote, zaidi ya 46,000, kwenye tovuti iliyo wazi kwa kila mtu, hata shauri lilipofika mahakamani majaji na wananchi walikuwa wakitazama karatasi zilezile. Tanzania hubandika matokeo ukutani kwenye kila kituo, na mawakala hupewa nakala zao. Kuchapisha fomu hizo kwa umma kunahitaji uamuzi wa Tume zaidi ya kitu kingine chochote, na kungemwezesha aliyehesabiwa Rwamgasa kuifuata namba yake hadi kwenye jumla ya taifa. Hatua nyingine iliyo karibu ni ya wasimamizi wa uchaguzi, ambao kwa kawaida ni wakurugenzi wa halmashauri walioteuliwa na Rais anayeweza kuwa mgombea. Mahakama Kuu ililikataa jambo hilo mwezi Mei 2019 katika shauri la Bob Chacha Wangwe, Mahakama ya Rufani ikaurudisha utaratibu mwezi Oktoba mwaka huohuo, na sheria za mwaka 2024, zilizoipa Tume jina la Tume Huru, hazikuufunga kabisa mlango wa watumishi hao.

Maandishi ya mageuzi makubwa hayahitaji kutungwa upya. Rasimu ya Katiba iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura halali, mgombea binafsi aruhusiwe, na matokeo ya Rais yaweze kupingwa katika Mahakama ya Juu, na mambo hayo yalibaki hata katika Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa na Bunge Maalumu mwezi Oktoba 2014, licha ya wajumbe wengi wa upinzani kutoka nje kwa ajili ya suala la muundo wa Muungano. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa na haijafanyika. Ni makosa kuendelea kuvifunga vifungu hivi vya uchaguzi kwenye mzozo wa Muungano wa serikali mbili au tatu, wakati pande zote mbili za mzozo huo zilikwishakubaliana juu yavyo. Ibara ya 41 inaweza kurekebishwa kwa theluthi mbili ya wabunge wote, njia ileile iliyotumika mwaka 2000 kuipunguza, na kanuni za kumruhusu mwenye kadi kumpigia kura Rais akiwa mahali popote nchini zinaweza kuandaliwa hata kabla ya hapo, ili mashine zijaribiwe katika chaguzi ndogo, wachimbaji wa Rwamgasa, Kakola na Chunya waelimishwe juu ya matumizi yake, na uboreshaji wa Daftari kwa ajili ya uchaguzi wa mwaka 2030 uanze ukiwa na utaratibu huo ndani yake.